Nafasi za Shule Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mipango ya Halmashauri

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wazazi, wajumbe wa kamati za shule na wenyeviti wa vitongoji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, huuliza, hasa kila Januari watoto wanapofika shuleni na kukuta hakuna mahali pa kukaa. Aliyeyajibu alifanya kazi ya takwimu na mipango ya elimu kwa miaka kadhaa katika halmashauri mojawapo ya ukanda huu. Pale anapotoa maoni, maoni hayo ni yake, wala si ya ofisi yoyote.

Mnaposema "nafasi ya shule" mnamaanisha nini? Si chumba cha darasa tu?

Chumba ni sehemu ya nafasi. Mtoto amepata nafasi pale anapokuwa na chumba kisichozidiwa, dawati, mwalimu, tundu la choo na njia anayoweza kuipita kwa miguu yake hadi shuleni bila hatari. Viwango vinavyotumika nchini vinataka chumba kimoja cha shule ya msingi kiwe na wanafunzi wasiozidi 45, darasa la awali wasizidi 25, na chumba cha sekondari wasizidi 40. Kwa upande wa vyoo, tundu moja linapaswa kuhudumia wasichana 20 au wavulana 25. Shule inaweza kukamilisha vyumba vyote na bado ikawa na upungufu mkubwa wa nafasi, kwa sababu matundu ya vyoo ni yaleyale yaliyochimbwa wakati shule ilipokuwa na wanafunzi nusu ya waliopo leo. Jambo hilo huwaumiza zaidi wasichana wa darasa la sita na la saba, lakini katika taarifa za ujenzi huandikwa mwishoni, kama halikusahaulika kabisa.

Ni nani mwenye wajibu wa kuhakikisha nafasi zinatosha?

Ni halmashauri, kwa kuwa shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini yake, nayo husimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Mkoa wa Mtwara una halmashauri tisa: Manispaa ya Mtwara-Mikindani, Miji ya Masasi, Newala na Nanyamba, na Wilaya za Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu. Lindi ina sita, nazo ni Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Ndani ya halmashauri kazi hii hugawanywa kati ya idara ya elimu ya awali na msingi, idara ya elimu sekondari na idara ya mipango. Wizara ya Elimu hubaki na sera, mitaala, usajili wa shule na uthibiti ubora. Walimu huajiriwa na kupangwa kutoka ngazi ya taifa. Halmashauri inaweza kufanya msawazo, yaani kuwahamisha walimu kutoka shule yenye ziada kwenda yenye upungufu, lakini haiwezi kujiongezea ikama, yaani idadi ya walimu iliyoidhinishwa, kwa uamuzi wake yenyewe.

Halmashauri inajuaje idadi ya watoto watakaokuja?

Kwa njia tatu, na afisa makini hazitumii moja peke yake.

Ya kwanza ni takwimu za shule. Kila mwaka walimu wakuu na wakuu wa shule hujaza taarifa za wanafunzi, walimu, vyumba, madawati na vyoo, ambazo siku hizi huingizwa katika mifumo ya kielektroniki. Kwa wanafunzi ambao tayari wamo shuleni hesabu ni nyepesi: walioko darasa la tatu mwaka huu watakuwa la nne mwakani, ukiondoa wanaohama na wanaoacha, na kuongeza wanaohamia na wanaokariri. Darasa la nne huvimba kuliko madarasa jirani, kwa kuwa wasiofaulu upimaji wa kitaifa hulirudia. Mpangaji asiyejua hilo atashangaa kila mwaka.

Ya pili ni sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 watu wote walihesabiwa kwa umri na mahali walipolala. Mtoto aliyehesabiwa usiku huo akiwa na mwaka mmoja atakuwa na miaka sita au saba Januari 2028, na kwa hiyo atakuwa mlangoni mwa darasa la kwanza, kama si ndani yake. Kwa maana hiyo, watoto wa darasa la kwanza wa 2028 walishaandikwa kwenye karatasi za serikali miaka mitano na zaidi kabla hawajashika daftari.

Ya tatu ndiyo iliyo karibu na mwananchi, nayo ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ni maoteo, yaani hesabu ya watoto wenye umri wa kuanza awali na darasa la kwanza, inayokusanywa kitongoji kwa kitongoji na mtaa kwa mtaa na kupelekwa kwa afisa elimu kata. Hapa mwenyekiti wa kitongoji ana uzito kuliko kompyuta yoyote ya makao makuu. Niliwahi kupokea maoteo ya kata moja yaliyolingana tarakimu kwa tarakimu na ya mwaka uliotangulia, jambo ambalo haliwezekani isipokuwa mtu amenakili. Januari ilipofika, watoto walikuwa karibu mara mbili ya waliotarajiwa, na darasa la kwanza likasomea chini ya mwembe hadi mvua zilipolitawanya.

Kwa nini basi hesabu hukosea, ilhali watoto wameshazaliwa na wanaonekana?

Kosa halitokani na kuzaliwa kwao. Linatokana na mahali wanapoishi. Mfano mzuri ni mkoa wa Lindi. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012, watu wa mkoa huo waliongezeka kwa kasi ya asilimia 0.9 tu kwa mwaka, miongoni mwa kasi ndogo kabisa nchini. Mtu aliyeichukua kasi hiyo na kukadiria mbele kutoka watu 864,652 wa mwaka 2012 alipata takriban watu 946,000 kwa mwaka 2022. Sensa ilipofanyika, waliohesabiwa walikuwa 1,194,028. Tofauti ni karibu watu robo milioni, na miongoni mwao wamo watoto waliohitaji madawati ambayo hakuna aliyeyapangia. Mtwara nayo ilipanda kutoka 1,270,854 hadi 1,634,947, ongezeko la takriban asilimia 29, ambalo si dogo, lakini halikumshangaza mpangaji kama asilimia 38 za Lindi.

Sehemu ya watu hao wa ziada inajulikana ilikotoka. Tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na baada yake, wengi walielekezwa au kufika wenyewe Kilwa, Liwale, Nachingwea na maeneo mengine ya Lindi, na vijiji ambavyo havikuwahi kuona kundi la ng'ombe vikapata vitongoji vipya mbali na barabara. Familia ya mfugaji ina watoto kama familia nyingine yoyote, lakini makazi yake yako mbali na ofisi ya mtendaji, na ni rahisi sana kwa mwandikaji kuiacha kwa kudhani kwamba mwakani haitakuwapo.

Kisha kuna uhamaji wa ndani ya mwaka, ambao watu wa kusini tunaujua tangu utotoni. Kaya ina nyumba kijijini na kibanda mashambani. Wakati wa kulima na kupalilia, na tena wakati wa kuokota korosho, wazazi huhamia shambani, na mtoto ama huwafuata, ama hubaki na bibi. Hivyo mtoto mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili, au asihesabiwe popote, kutegemea mwezi ambao mwandikaji alipita.

Idadi ikishajulikana, vyumba vinavyohitajika vinakokotolewaje?

Wengi hugawa idadi ya wanafunzi wa shule nzima kwa 45 na kuridhika. Njia hiyo hupunja. Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 597 kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, waliogawanyika hivi: 118, 104, 97, 92, 70, 62 na 54. Ukigawa 597 kwa 45 unapata vyumba 14. Lakini watoto wa darasa la tano hawawezi kukaa chumba kimoja na wa darasa la pili ili kujaza viti vilivyobaki. Kila darasa lina mikondo yake. Ukihesabu darasa kwa darasa, madarasa manne ya mwanzo yanahitaji vyumba vitatu kila moja, na matatu ya mwisho vyumba viwili kila moja, jumla vyumba 18. Ukiongeza watoto 60 wa awali kwa kiwango cha 25, vinahitajika vitatu zaidi. Mwalimu mkuu anayesema anahitaji vyumba 21 na afisa anayemwandikia 14 huenda wote wanahesabu kwa uaminifu, ila mmoja anahesabu wanafunzi na mwingine anahesabu madarasa.

Kamati ya shule ikipokea barua inayosema upungufu wake ni mdogo kuliko unavyoonekana kwa macho, iombe ioneshwe hesabu hiyo imefanywa kwa njia ipi.

Je, kusoma kwa mikupuo miwili si suluhisho?

Ni nafuu ya muda. Kundi la asubuhi na kundi la mchana hutumia vyumba vilevile, lakini mwalimu ni yuleyule, na mtoto wa mchana hurudi nyumbani jioni sana, jambo lenye hatari yake palipo na vichaka na wanyama, kama ilivyo Liwale. Likitumika mwaka mmoja wakati chumba kinaezekwa, linaeleweka. Likitimiza mwaka wa tatu, hapo halmashauri imeshaacha kupanga.

Kama upungufu unajulikana mapema, kwa nini vyumba haviwi tayari Januari?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa hasira zaidi, na jibu lake limo katika kalenda mbili ambazo hazikutani. Mwaka wa masomo huanza Januari, na mwaka wa fedha huanza Julai. Mpango wa kijiji, unaoibuliwa kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kisha kamati za kudumu na Baraza la Madiwani, kisha sekretarieti ya mkoa, hadi ngazi ya taifa na Bunge linaloketi kujadili bajeti kuanzia Aprili. Chumba kinachotakiwa Januari 2028, kama hakitaki kujengwa kwa kukimbizana, kinapaswa kuwa ndani ya bajeti ya 2026/27, ambayo maandalizi yake yalianza mwishoni mwa 2025, mtoto mwenyewe akiwa na miaka minne au mitano. Kikiingizwa katika bajeti ya 2027/28, fundi anabakiwa na miezi sita tangu siku ya kwanza ya mwaka wa fedha, na fedha hazifiki siku ya kwanza.

Kusini tuna tatizo la ziada ambalo wenzetu wa mikoa mingine hawalihisi kwa kiwango hiki. Mapato ya ndani ya halmashauri zetu nyingi yanategemea ushuru wa korosho, ambao ni asilimia 3 ya bei ya mkulima. Minada huanza Oktoba na kushika kasi Novemba na Desemba. Kwa hiyo robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, ile ya Julai hadi Septemba, ambayo ni kiangazi na ndiyo bora kabisa kwa ujenzi, hukuta akaunti ya halmashauri haina kitu cha maana. Fedha zinaingia mvua zinapokaribia, wakati mafundi wenyewe wako kwenye mikorosho yao. Na msimu ukiharibika, mpango huharibika nao. Katika msimu wa 2018/19 wanunuzi na wakulima hawakukubaliana kuhusu bei, Serikali ikaamua Novemba 2018 kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakachelewa. Halmashauri iliyoweka madarasa yake yote kwenye ushuru wa msimu huo haikuwa na pa kushika.

Kwa maoni yangu, halmashauri inayotegemea korosho ingefanya jambo la busara kama ingetenga sehemu ya ushuru wa msimu mmoja kwa ajili ya ujenzi wa kiangazi kinachofuata, badala ya kuandika mwezi Julai fedha ambazo bado ni maua mtini.

Mbali na mapato ya ndani, fedha nyingine hutoka wapi?

Zilizo kubwa hutoka Serikali Kuu na miradi. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3 uliohusu athari za UVIKO-19, vilijengwa vyumba 15,000 nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi (madarasa ya watoto wadogo yaliyo chini ya shule mama), kwa shilingi milioni 20 kila kimoja. Ndiyo sababu Januari 2022 wanafunzi wote waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja, wakati miaka ya nyuma baadhi yao walisubiri chaguo la pili hadi vyumba vipatikane. Mwishoni mwa 2022 zilitolewa shilingi bilioni 160 kwa vyumba 8,000 vya sekondari. Hilo nalo halikuwa la bahati: watoto walioanza darasa la kwanza Januari 2016, mwaka ambao elimu bila malipo ilianza kutekelezwa, walimaliza la saba 2022 na kuingia kidato cha kwanza 2023. Wimbi hilo lilionekana likija kwa miaka saba.

Ipo pia miradi inayoendeshwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, BOOST kwa awali na msingi na SEQUIP kwa sekondari. Fedha za namna hii huja na ramani, orodha ya shule na tarehe ya mwisho. Shule yenye takwimu sahihi na eneo lisilo na mgogoro huingia kwenye orodha, na isiyo navyo hupitwa hata kama shida yake ni kubwa zaidi.

Je, ruzuku inayokuja shuleni kila mwezi haiwezi kujenga darasa?

Haiwezi, wala haikukusudiwa hivyo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, na katika ile ya msingi 4,000 ni za vitabu. Inayobaki ni ya chaki, mitihani, ukarabati mdogo na michezo.

Wazazi tunalazimika kuchangia ujenzi?

Elimumsingi haina ada, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Jamii inaweza kuamua yenyewe katika mkutano halali kuchangia nguvu au fedha, kwa utaratibu unaosimamiwa na serikali ya kijiji au mtaa na halmashauri, na baada ya tamko la Serikali la Januari 2018 walimu wakatolewa katika kazi ya kukusanya michango.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni hatari ya boma, yaani jengo lililosimama bila kuezekwa. Wananchi hufyatua tofali, husomba mchanga na maji, hupandisha kuta hadi usawa wa lenta, kisha husubiri halmashauri iezeke. Mahali pengine wamesubiri masika matatu, na kuta zikaanza kuliwa na mvua. Kabla ya kuchimba msingi, mkutano wa kijiji udai kuona boma hilo limeandikwa katika mpango wa halmashauri na mwaka wa fedha wa ukamilishaji wake, na uweke jambo hilo kwenye muhtasari. Nguvu za watu zikitumika bila andiko hilo, mara ya pili hakuna atakayebeba tofali, na ni vigumu kumlaumu.

Kwa nini fedha za chumba kimoja ni sawa kila mahali?

Kwa sababu ni rahisi kwa aliye mbali kuzigawa. Fundi wa Masasi ana milima ya mawe imemzunguka. Fundi wa Newala au Tandahimba yuko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye mchanga mwekundu, ambako kokoto husafirishwa kwa lori na maji ya kukorogea zege hupandishwa kutoka mabondeni au hununuliwa kwa ndoo. Shilingi milioni 20 zilezile humaliza chumba huku, na kule huishia kwenye upauzi. Afisa mipango hodari wa uwandani hukusanya vifaa vya shule kadhaa kwa pamoja na huanza na tangi la kuvuna maji ya mvua kabla ya msingi.

Kitongoji chetu kiko mbali na shule mama. Tunaweza kupata shule yetu?

Njia ya kawaida ni kuanza na shule shikizi: vyumba vichache vya awali na madarasa ya chini, vinavyosimamiwa na shule mama, ili watoto wadogo wasivuke mto au pori. Inapokua na kutimiza masharti ya majengo, vyoo, eneo na walimu, huombewa usajili kamili.

Nawashauri mambo mawili. Eneo lipatikane mapema na mipaka yake iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kwa kuwa ardhi ya shule iliyotolewa kwa mdomo hupandwa mikorosho, na mkorosho ukishakomaa fidia yake humeza bajeti ya chumba. Pia msiombe shule kwa kutaja umbali peke yake. Orodhesheni watoto kwa umri, kaya kwa kaya, kuanzia mchanga hadi wa miaka saba, kisha barua yenu isainiwe na serikali ya kijiji. Nilipokuwa ofisini, maombi yenye orodha hiyo yalikuwa machache mno, na yalipofika yalisomwa kwanza.

Ni kweli kwamba Januari 2028 sekondari zitapokea makundi mawili kwa pamoja?

Ndivyo mpangilio mpya unavyoelekeza, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mipango ya miaka hii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima kuwa miaka kumi, ikiunganisha msingi na sekondari ya chini. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne mwaka huohuo, wakiendelea na utaratibu wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Wote wanaelekea kidato cha kwanza Januari 2028.

Kuna mambo matatu ambayo mpangaji wa halmashauri hapaswi kuyachanganya. Kwanza, wingi wa makundi mawili ni wimbi linalopita: litakuwa kidato cha kwanza 2028, cha pili 2029, cha tatu 2030, na cha nne 2031, kisha litatoka. Pili, elimu ikiwa ya lazima kwa miaka kumi, hakuna tena chujio la mtihani wa kumaliza msingi linalowabakiza wengine nyumbani, na ongezeko hilo halipiti, ni la kudumu. Tatu, shule za msingi zitapungukiwa darasa zima, kwa kuwa la saba halitakuwapo, na vyumba vyake vitabaki wazi.

Inashawishi kusema kwamba vyumba hivyo vya la saba vitawabeba wanafunzi wa kidato cha kwanza. Mahali ambapo shule ya msingi na ya sekondari zinapakana, huenda ikafaa kwa muda. Lakini katika kata nyingi za Nanyumbu au Liwale shule ya sekondari ni moja, nazo shule za msingi zimetawanyika vijijini; chumba kilicho wazi kijijini hakimsaidii mtoto anayehitaji maabara na mwalimu wa hisabati wa sekondari. Vyumba hivyo kwanza vitumike kupunguza msongamano uliopo katika madarasa ya chini. Kila diwani anapaswa kuwa na tarakimu mbili za kata yake mkononi: walioko katika makundi hayo mawili kwa jumla, na viti vilivyopo kidato cha kwanza.

Sekondari ya kata iko mbali sana. Bweni linahesabiwa kama nafasi?

Kwa wilaya yenye eneo kubwa na watu wachache kama Liwale, bweni ndilo nafasi yenyewe. Pasipokuwa na bweni, msichana wa miaka 14 hupanga chumba karibu na shule, maarufu kama geto, hujipikia na kujilinda mwenyewe. Halmashauri ikihesabu kiti chake darasani kuwa nafasi iliyotimia, imehesabu nusu tu. Kumbukeni pia kwamba tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua ana ruhusa ya kurudi shuleni katika mfumo rasmi, na kiti chake kinapaswa kupangwa.

Kila mwaka watoto wengi huacha shule. Nafasi zao si zinatosha kwa wapya?

Hesabu hiyo hufanywa kimyakimya katika baadhi ya ofisi, na sikubaliani nayo. Chumba kinachoonekana kutosha kwa sababu theluthi ya watoto wako kwenye mikorosho au wameolewa hakijatosha. Utoro ukipungua, kama kila mpango unavyoahidi, upungufu wa vyumba utaonekana siku hiyohiyo. Maoteo ya darasa la mwisho yafanywe kana kwamba wote walioanza watafika.

Naishi mjini, na shule ya jirani imejaa. Kwa nini nyingine zina nafasi?

Katika manispaa wazazi huzifuata shule zenye sifa, na shule za pembezoni hubaki na viti. Kuhama hufanywa kupitia mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, uitwao PReM, na shule inayopokea inapaswa kuwa na nafasi. Shule binafsi huwapunguzia mzigo shule za serikali mjini kidogo, vijijini karibu hazipo.

Niulize nini katika mkutano wa kijiji?

Mkutano mkuu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ule unaoangukia Oktoba au Novemba ndio wenye faida kwa jambo hili, kwa sababu bajeti ya mwaka unaofuata iko mwanzoni. Omba usomewe maoteo ya kitongoji chako na jina la aliyeyakusanya, kisha uulize kama watoto wa mashambani wamo.

Nimwandikishe mtoto lini, na kama hana cheti cha kuzaliwa?

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba. Usingoje Januari, kwa kuwa madawati na vitabu vinaagizwa kwa majina yaliyopo. Kama cheti hakijapatikana, nenda na kadi ya kliniki, mwalimu mkuu aandike tarehe ya kuzaliwa kutoka humo, huku ukifuatilia cheti. Na kama Oktoba inakukuta shambani kwenye korosho, mtume bibi yake mtoto.